Gari inavuma kuanzia spidi 60, fundi mmoja kasema beringi zote nne, mwingine kasema tairi. Nimsikilize nani?

Mtu wa Kibaha:

Habarini za majukumu wakuu, naomba msaada kwa wenye uzoefu na hizi gari ndogo.

Nina Toyota IST ya 2004, ile ya 1.3, otomatiki, inanitoa Kibaha asubuhi kwenda mjini na kunirudisha jioni, mara moja moja naenda nayo Morogoro. Kuna mlio ulianza polepole, mwanzo nikajua ni lami mbovu nikapuuza, sasa hivi umekuwa mtu mzima. Nikifika 60 unaanza vuuuuu ya chini chini, 80 unapanda, 100 ndani ya gari ni kama ndege inataka kuacha ardhi na stori zote zinakufa. Nikisimama kwenye foleni kimya kabisa, nikikanyaga mafuta gari ikiwa imesimama hakuna kitu, kwa hiyo injini nimeshaitoa kwenye kesi, kama siyo sahihi nisaidieni.

Utata ndo huu sasa. Mimi nikiwa kwenye usukani nasikia unatokea mbele kushoto, miguuni kwa abiria. Mama watoto anakaa nyuma na mtoto anasema hapana, uko chini yake, nyuma kulia, na anaapa kabisa. Fundi wa kwanza kazunguka na gari mtaa mmoja tu, hata gia ya juu haijaingia, karudi anasema beringi zote nne zimekufa lete hela. Fundi wa pili kapiga jeki kila mguu katikisa tairi juu chini, hakuna inayocheza, akasema beringi nzima shida ni tairi. Na kweli tairi mbili za nyuma nilinunua za mtumba mwaka huu, za mbele ni zile zile za siku zote.

Mengine ni haya, usukani hautetemeki, breki ziko sawa, gari haivuti upande. Mtaani kwetu mvua ikinyesha maji yanafika nusu ya rimu na njia nyingine hakuna. Halafu nimeona kwenye kona ndefu ya kulia mlio unazidi, kona ya kushoto unapungua kama unataka kukata, sijui kama hiyo nayo inasaidia.

Nianzie wapi kabla sijaenda kumwaga hela Kariakoo? Nawasilisha.

Kijiti:

Ongeza sauti ya redio mkuu. Mimi natembea hivyo hivyo toka mwaka jana 😂

Fundi Miguu:

Mtoa mada umeeleza vizuri kuliko wateja wangu wengi, wengi wanakuja na "fundi gari inalia" basi, ukiuliza inalia wapi saa ngapi anakuangalia tu. Na hilo la kona uliloliweka mwisho ndo lilitakiwa kuwa la kwanza.

Iko hivi. Ukikata kulia uzito wa gari unalalia miguu ya kushoto, ukikata kushoto unalalia ya kulia. Beringi iliyochoka ikiongezewa mzigo inapiga kelele zaidi, ikipunguziwa inatulia. Kwako mlio unazidi kona ya kulia, kwa hiyo mtuhumiwa wa kwanza yuko kushoto, mbele au nyuma bado hatujajua. Siyo asilimia mia, hizi beringi zina safu mbili za gololi na kuna wakati iliyoharibika ni safu moja tu, majibu yanaweza kuja kinyume, ila mara nyingi hainitupi. Na usipime kwenye kipilefti peke yake, sisi tunaendesha kushoto, kipilefti zote tunazunguka kwa kulia, utapima miguu ya kushoto kutwa nzima na ya kulia hujaigusa. Tafuta barabara pana isiyo na watu, spidi ile ambayo mlio unasikika vizuri, 60 inatosha, egemeza gari taratibu kulia, shikilia kidogo, halafu kushoto. Taratibu nimesema, siyo mbwembwe.

Kingine ukiwa hapo hapo barabarani, tambarare, nyuma hakuna mtu, weka nyutro. Mzunguko wa injini unashuka, mlio ukibaki vile vile ukawa unapungua pamoja na spidi basi kinacholia kinazunguka na tairi. Ukikata ghafla rudi kwenye injini na giaboksi. Usizime gari jamani, kuna watu wanazima kabisa, usukani unakuwa mzito, breki zinabaki ngumu, na ufunguo ukirudi nyuma zaidi usukani unajifunga. Na usijaribu hii kitu kwenye mteremko, kwa wale wa Kitonga nimewaona.

Sasa huyo fundi wa pili aliyetikisa tairi akasema nzima. Kutikisa kunakamata beringi iliyokwisha kabisa. Beringi ya mbele ya IST ni ile ya kupresi (kusukumwa kwa mashine) ndani ya nako, kile chuma kinachogeuka na usukani, imebanwa na nati kubwa ya draivshafti (shafti inayozungusha tairi), inaweza kulia miezi na miezi bila kucheza hata kidogo. Ikicheza una kesi, isipocheza bado hujaiachia. Na hata ikicheza usikimbilie dukani, shika tairi juu na chini, tikisa, halafu mwambie mtu akanyage breki huku unatikisa. Mchezo ukiisha baada ya breki ni beringi, maana breki imeshika diski na nako vikawa kitu kimoja. Ukiendelea kucheza na breki imekanyagwa, angalia boljointi. Ikicheza ukishika kulia na kushoto, anza na tairodi.

Kipimo ninachokiamini mimi ni springi. Piga jeki, weka stendi (siyo tofali, tofali linapasuka bila kuaga), tairi zilizobaki chini zizuie kwa vigingi, gia nyutro. Handibreki ya IST inashika miguu ya nyuma kwa hiyo ukipima nyuma lazima uiachie, ndo maana nasema vigingi. Laza ncha za vidole juu ya springi, usivichomeke katikati, mkono mwingine zungusha tairi kwa nguvu. Beringi nzima springi inatulia, utasikia tu shii shii ya brekipedi zinagusa diski, hiyo kawaida. Beringi mbovu springi inakutekenya vidole, krr krr krr inafuata mzunguko wa tairi, na mara nyingine masikio hayasikii kitu kabisa, vidole tu. Fanya miguu yote minne ndo ulinganishe. Kupima mguu mmoja ukaamua ni kubahatisha.

Mzee wa Lami:

Fundi nakuheshimu ila umeruka tairi, na mtoa mada kasema mwenyewe ana tairi za mtumba. Watu wangapi wamebadilisha beringi wakarudi na mlio ule ule, tairi iliyolika mawimbi inavuma vuuuu hiyo hiyo na inapanda na spidi hivyo hivyo, kwa sikio tu huwezi kutofautisha.

Cha kuwatofautisha ni barabara. Ukitoka kwenye lami mpya laini ukaingia kipande cha lami ya kokoto, mlio wa tairi unabadilika pale pale, unakuwa mzito au mwepesi. Beringi haijui iko kwenye lami gani, inalia wimbo ule ule mpaka nyumbani.

Halafu tumia kiganja. Gari imesimama, kata usukani mpaka mwisho ili tairi la mbele litoke nje, pitisha mkono juu ya meno ya tairi kutoka nje kwenda ndani, kisha urudi. Ukienda ni laini ukirudi inakukwaruza kama meno yamelala upande mmoja, alaimenti hiyo. Pitisha tena kwa kufuata mzunguko, ukikuta bonde kilima bonde kilima, shokapu zimechoka au tairi halijabalansiwa. Na la nyuma usilisahau, wengi wanakagua ya mbele tu kwa sababu ndo yanayoonekana.

Ukishindwa kabisa badilisha, za mbele peleka nyuma za nyuma leta mbele, IST saizi ni moja mbele na nyuma. Angalia tu ubavuni kama kuna mshale wa mwelekeo, lenye mshale usilihamishe upande. Jaza upepo sawa tairi zote, kisha nenda njia ile ile. Mlio ukihama na tairi umeokoa hela ya beringi.

Kingine cha mtumba, soma zile tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT ubavuni. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho mwaka. 2316 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 mwaka 2016. Meno unaweza kuyakuta marefu kabisa lakini mpira umeshakauka, na mpira mkavu unapiga kelele hata ukiwa mzima.

Msafiri wa Likoni:

Salaam kutoka Mombasa. Ndugu yangu hilo la wewe kusikia mbele na bibi yako kusikia nyuma lisikutie shaka, nyote mwaweza kuwa mwasema kweli. Mlio wa beringi hausafiri kwa hewa peke yake, wapanda kwenye chuma cha bodi, wapita chini ya sakafu, watokea pale palipo wazi. Hizi hachibaki kule nyuma buti na kabini ni chumba kimoja, mvumo wowote wakusanyika kule. Mimi nilikuwa na Probox ya kazi, kila aliyepanda akiniambia ni nyuma, makanika akataka kufungua nyuma, alipoinua ikawa ni mbele. Sikio latosha kukwambia kuna ugonjwa, mguu gani tafuta kwa mkono.

Niongeze kwa wenye Noah za zamani, Hiace na gari zozote zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma, kwenu kuna watuhumiwa zaidi. Difu huvuma pia, lakini difu yafuata mguu wako, ukikanyaga mafuta yalia namna moja, ukiachia yalia namna nyingine au yanyamaza. Beringi ya gurudumu haijali umekanyaga au umeachia, yaangalia mwendo tu. Pia ipo ile beringi ya katikati ya propela shafti, ile huja na mtetemo chini ya kiti.

Na zile sauti za tak tak tak ukikata usukani mpaka mwisho ukiondoka, hiyo si beringi, ni jointi ya nje ya draivshafti, tazama kama mpira wake umepasuka na grisi imetapakaa kwenye rimu.

Dada wa Vitz:

Msisahau na lile bati la nyuma ya diski. Yangu ilikuwa inakwangua kriii kriii nikitoka tu rafu rodi, nikaambiwa beringi, kumbe kokoto imeingia kati ya bati na diski. Kijana wa pale pancha kaibinya kwa bisibisi kokoto ikadondoka, sikulipa hata mia.

Fundi Miguu:

Mzee wa Lami uko sahihi, ya tairi yaanze kabla ya kufungua kitu, haina gharama. Dada wa Vitz nawe uko sahihi, ila mlio wa bati ni wa juu, mkwaruzo, unausikia hata spidi ya mtu anayetembea. Huu wa mtoa mada ni mvumo mzito unaoanza 60, tofauti hiyo tu inatosha kuwatenganisha.

Msafiri hapo kwenye sikio umemaliza. Kuna wanaotumia bisibisi ndefu, ncha inagusa nako, mpini unauweka kwenye mfupa mbele ya sikio, mwingine anazungusha tairi. Inafanya kazi vizuri. Ila msiige wale wanaowasha gari ikiwa juu wanatia gia halafu wanaingiza kichwa chini, kwenye gari yenye difu ya kawaida ukiinua mguu mmoja unazunguka huo peke yake na unazunguka kasi mara mbili ya spidi unayoiona kwenye dashibodi. Zungusha kwa mkono inatosha.

Wale wa kugusa rimu kuona lipi la moto, hicho nakitumia kama ushahidi wa nyongeza tu. Tembea mwendo mrefu bila kukanyaga breki sana, simama, linganisha kushoto na kulia. Lenye moto kupita mwenzake lina kitu, lakini hicho kitu kinaweza kuwa kalipa ya breki iliyong'ang'ania. Na usishike diski, utaacha ngozi pale.

Kijiti:

Fundi tuache utani, hii yangu inayolia toka mwaka jana ina madhara gani maana inaenda tu

Fundi Miguu:

Kijiti, inaenda mpaka siku itakapokataa. Kwanza njia ya gololi inabanduka vipande vidogo, ndo mvumo unaousikia. Vipande vinasagwa humo humo na grisi, nafasi inaongezeka, tairi linaanza kucheza. Likianza kucheza diski nayo inayumba, inasukuma brekipedi nyuma, utakuta pedeli inazama kwanza ndo inashika mara ya pili. Ukifika hapo acha kabisa kuendesha. Mwisho wake ni kikapu kinachoshika gololi kinavunjika, joto linapanda, mguu unaweza kujifunga au habu (chuma tairi linapofungwa) kuachana na nako. Mvumo wenyewe unakupa muda, ila mwaka mzima mkuu umeukopa. Na ukisikia mlio uliokuwa wa kuvuma umegeuka kuwa wa kusaga au kugonga, muda umeisha. Kaipime kesho.

Kijiti:

Daah. Haya

Mtu wa Kibaha:

Wakuu nimerudi. Jumapili nilimshika shemeji tukashinda na gari uani.

Kwanza tairi kama Mzee wa Lami alivyosema. Kiganja kilinionyesha kitu sikukitegemea, moja la mtumba, la nyuma kulia, lina mabonde ya ukweli upande wa ndani, kwa macho huoni ila mkono unapanda unashuka. Tukahamisha, mbele nyuma, nikaenda mpaka Mlandizi na kurudi. Kuna sauti fulani ya wowowowo ilikuwa nyuma ikaja mbele, ikawa inabadilika na lami, lakini ule mvumo mkubwa haukuhama wala haukujali barabara. Kwa hiyo mama watoto alikuwa anasikia kitu cha kweli nyuma kulia ila siyo hiki kikubwa. Nimemwambia, kaniambia "si nilikwambia" na kesi ikaishia hapo.

Nyutro mvumo ulibaki, ukashuka na spidi. Kuegemeza kulia unazidi, kushoto unafifia, kama mwanzo.

Halafu springi. Mbele kulia kimya. Nyuma zote kimya, tuliondoa handibreki tukaweka vigingi kama ulivyosema. Mbele kushoto aisee nilitoa mkono nikafikiri nimeshika kitu kingine, inatetemeka vidole vinakufa ganzi, na ukitikisa tairi haichezi hata kidogo. Shemeji alikuwa anabisha muda wote hizo ni stori za mtandaoni, kashika yeye mwenyewe kanyamaza.

Sasa nielekezeni kwenye kununua na kufunga, fundi wa mtaani kasema atailetea nyundo na bomba kazi ya nusu saa.

Fundi Miguu:

Hongera, sasa una mguu mmoja badala ya minne. Hapo kwenye nyundo na bomba ndo simama.

Beringi ya mbele ya gari yako inaingia kwenye nako kwa kubanwa sana, na habu nayo inabanwa kuingia ndani ya beringi. Ukipiga nyundo nguvu inapita kwenye gololi, gololi zinachimba vishimo vidogo kwenye njia yake, beringi mpya imeshaumia kabla haijatembea mita moja. Baada ya muda mfupi inavuma, mwenye gari anasema beringi za siku hizi feki, fundi naye anakubaliana naye haraka sana. Nyingi zinazoitwa feki zimeuliwa na nyundo.

Tafuta gereji yenye mashine ya presi. Au fungua nako peke yake ukaipeleke kwenye presi ikafanyiwe huko, wapo wengi wanaofanya hivyo. Sheria ni moja, simama pale uangalie. Beringi ikiingia kwenye nako, asukume ringi ya nje. Habu ikiingia kwenye beringi, ringi ya ndani iwe imeegemea kitu kwa chini. Ukiona anasukuma habu huku ringi ya ndani inaning'inia hewani, mwambie asimame, hapo nguvu inapita kwenye gololi vile vile. Ringi ya zamani huwa inabaki imeng'ang'ania kwenye habu, inakatwa kwa grenda na kupigwa patasi, ahakikishe grenda haijala habu yenyewe, ikikwaruzwa pale isafishwe mpaka iwe laini. Seklipu (ile ringi inayozuia beringi isitoke) arudishe, isiachwe mezani.

Nati ya draivshafti. Toyota ndogo nyingi za rika hilo ni 216 Nm, thibitisha kwenye manyuo (kitabu) ya gari yako, na inakazwa kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, siyo bomba refu na mtu wa kilo mia. Ikilegea nusu mbili za ndani za beringi zinaachana inakufa upya. Kwa sababu hiyo hiyo usiishushe gari chini wala kuisukuma nati ikiwa imelegea, uzito wa gari peke yake unaiumiza. Weka nati mpya kisha igongwe ule mdomo wake uingie kwenye mfereji wa shafti ili isijifungue.

Kununua, usiende na jina la gari peke yake, toa ya zamani uende nayo au uwe na namba yake. Koyo, NSK na NTN ni za Kijapani na ndo utakazozikuta sana kwenye Toyota, ila boksi linaweza kuchapwa na yeyote, angalia maandishi kwenye chuma chenyewe yamechongwa safi na yanalingana na boksi. Izungushe kwa kidole, izunguke taratibu kwa uzito wa grisi, isikwame na isiruke. Ikizunguka kwa kasi sana kama ya baiskeli, grisi ni kidogo au hamna. Beringi ya kupresi ya mtumba usinunue, kuitoa tu kwenye nako ya kwanza kulishaiumiza. Wengine wananunua nako nzima ya mtumba na beringi yake ndani, hiyo bahati nasibu, ila angalau kabla ya kulipa unaweza kuizungusha na kuisikiliza kwa mkono.

Kwa wale wenye shida nyuma kwenye IST na Vitz za zamani zinazovutwa na tairi za mbele tu, kwenu rahisi, beringi inakuja na habu yake kipande kimoja, bolti nne, presi haihitajiki.

Nkurungu:

Naomba kudandia. Mimi gari ya Mjerumani, ya kupresi pia, mvumo umeisha kabisa ila toka siku hiyo taa ya ABS haizimi. Fundi anasema sensa imekufa ninunue

Fundi Miguu:

Usinunue bado. Beringi nyingi za magari ya miaka ya karibuni upande mmoja sili yake ina sumaku, sensa inasoma hapo. Ikifungwa kinyume mvumo unaisha, gari inaenda, ila sensa haioni kitu. Upande wa sumaku unatakiwa uangalie kwenye sensa. Kabla ya kufunga unajaribu kwa pini ya karatasi, upande unaonata pini ndo huo, na usiulaze kwenye meza yenye chuma chuma wala kuugonga. Kwako imeshafungwa, kwa hiyo waambie wapime kwa mashine mguu upi hausomi. Ikiwa ni ule ule uliobadilishwa, toa sensa uchungulie kwanza, safisha kama kuna uchafu, angalia waya haujavutwa. Vyote vikiwa sawa basi beringi imegeuzwa, na kuitoa hapo ni kuiua, inanunuliwa nyingine. Nani alipe mtajuana wenyewe.

Mtu wa Kibaha:

Mrejesho wa mwisho. Tumepeleka nako kwenye presi, nimesimama kichwani kwa yule bwana mpaka akaniuliza kama mimi ni fundi. Ile ya zamani ilipotoka sili ya upande wa ndani ilikuwa imeachia, grisi imekuwa kahawia na maji maji, ukizungusha kwa mkono inasaga mchanga. Nadhani yale maji ya mtaani kwetu ndo yaliingia huko. Jana nimeenda Morogoro, 80 naongea na mtoto nyuma bila kupaza sauti. Ile wowowowo ya tairi bado ipo, tairi hilo natafuta mbadala wake.

Swali la mwisho, yule wa presi kanishauri nibadili na ya kulia, anasema beringi zinaenda mbili mbili kama shokapu. Kweli?

Mzee wa Lami:

Badili zote mkuu, zimetembea kilometa zile zile, zimepita maji yale yale. Utarudi huko huko.

Fundi Miguu:

Hapa mzee tunatofautiana. Shokapu zinaenda mbili mbili kwa sababu moja ikiwa laini na nyingine ngumu gari inakosa usawa. Beringi haina hiyo habari, mpya kushoto na ya zamani nzima kulia gari haijui tofauti. Kulia springi ilikuwa kimya, ukaigusa mwenyewe. Kuifungua ni kuivuruga iliyo nzima, na kila ukiingia kwenye presi kuna nafasi ya kukosea. Iache. Maji kweli yalikuwa yale yale, kwa hiyo masika yakiisha piga jeki uguse tena springi ya kulia, ikianza kutekenya ndo uende dukani, na namba unayo tayari kwenye boksi la hii uliyofunga. Hela ya beringi ya pili peleka kwenye lile tairi na alaimenti.